Mshenga wa Kazi Yangu

Nimestaafu juzi juzi tu, na mgongo wangu bado haujapata habari. Alfajiri unaniamsha kana kwamba nina zamu, nami nabaki kitandani hapa Wheaton, Maryland, namsikiliza mke wangu anavyokoroma, huku nikijiuliza nani leo atazikagua zile koleo ndogo za upasuaji wa macho. Nikaona badala ya kugaagaa bure, niwaandikie ninyi vijana mnaoanza kazi katika nchi hii ya Marekani. Hasa ninyi mliolelewa kama mimi, mkaambiwa tangu utotoni kwamba mtu mwenye adabu hajisifu.

Kazi yangu ilikuwa chini kabisa ya hospitali, kwenye ghorofa isiyo na dirisha hata moja. Watu wakisikia nilifanya kazi hospitalini huniita daktari, na kwenye shughuli zetu Watanzania nimeshaonyeshwa vipele vya kila aina nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Mimi si daktari. Nilikuwa mtu wa kuosha, kukagua, kupanga na kupitisha kwenye mvuke vyombo vya upasuaji. Kila mkasi, kila koleo, kila nyundo, maana madaktari wa mifupa wana nyundo na misumeno vilevile, vilipita mikononi mwetu kabla ya kuingia mwilini mwa mtu. Kazi hiyo ikifanyika vizuri hakuna anayejua kwamba imefanyika. Mgonjwa anaamka, anamshukuru Mungu, anamshukuru daktari, anakwenda zake nyumbani.

Siku yangu ya kwanza msimamizi wetu, Bi Denise, Mmarekani mweusi aliyekulia Oxon Hill, alinifungulia trei ya upasuaji wa moyo. Wanangu, nilisimama pale nikasahau kuvuta pumzi. Vyuma vimelala kwa safu, vinang'aa, vingine vyembamba hata unaogopa kuvikoholea. Nikawaza kwamba kuna mtu kesho kifua chake kitafunguliwa, na hivi ndivyo vitakavyomgusa moyo. Bi Denise akaniambia kila kimoja kina jina na mimi nitayajua yote. Nilidhani ananitania. Leo nayajua majina hayo kuliko majina ya binamu zangu wa Tabora, na binamu zangu wameshanilalamikia kwa hilo.

Wiki hiyohiyo niliharibu. Nilipewa trei yenye damu, na mimi kwa akili zangu za nyumbani nikafungulia maji ya moto kabisa, kwa sababu sufuria yenye mafuta huioshi kwa maji baridi. Kumbe damu si mafuta. Maji ya moto yanaigandisha kwenye chuma kama yai linavyoganda kwenye kikaango. Bi Denise alikuja, akaangalia, akanipa brashi na kiti. Nilisugua mpaka vidole vikafa ganzi. Tangu siku hiyo najua: anza na maji ya uvuguvugu, na fungua mkasi uusafishe pale kwenye bawaba, maana uchafu hujificha hapo. Hilo ni la kazi yangu, lakini kila kazi ina bawaba yake, nanyi mtaijua ya kwenu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Hospitalini kila mwaka kulikuwa na tathmini. Unapewa fomu ujipe alama mwenyewe, moja hadi tano, halafu uandike mafanikio yako ya mwaka mzima. Mara ya kwanza nilijipa mbili kila mahali. Kwenye mafanikio nikaandika kwamba hakuna cha ajabu, nashukuru afya. Mnanielewa nilichokuwa nafanya. Kwetu mgeni akifika unamwambia, "Karibu, leo hatuna chakula," na mezani kuna kuku mzima. Mgeni anakubishia, anasema ah, mbona neema tele, mnakula kwa furaha. Mimi nilikaa nikingoja Bi Denise anibishie.

Hakunibishia. Alinitazama juu ya miwani yake akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Rama, ningekuwa sikujui, ningekufukuza kazi leo kwa ushahidi wako mwenyewe." Alinipandishia alama alizoweza, lakini fomu ilipokwenda ghorofa za juu, kwa watu wasionijua, walisoma maneno yangu wakayaamini. Nafasi ya kupanda daraja ikanipita. Nikafanya hivyo tena mwaka uliofuata, kwa heshima zilezile, na nafasi ikanipita tena.

Aliyenitoa kwenye mkosi huo ni Mama Chebet. Huyu ni Mkenya, Mkalenjin wa Nandi, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajaja huku, na sauti ya ualimu haijamtoka hadi leo. Tulikuwa tunapanga trei meza moja. Aliposikia habari ya zile mbili zangu aliweka koleo chini, akaniita kwa jina la binti yangu.

"Wewe Baba Zuhura, ati umejipea two? Two! Kwani uliua mtu?"

"Sasa nijipigie debe mwenyewe, Mama Chebet, kama muuza mitumba?"

"Na si ni wewe ulienda kuposea yule kijana wa Mama Halima huko Upper Marlboro? Mimi nilikuwa huko kwa kitchen, nikisaidia na chapati. Nilikusikia. Ulisifu huyo kijana mpaka nikaona nimpee Chebet wangu. Na hata kupaki gari hajui!"

Hapo alinishika pabaya. Ni kweli, mimi ni mshenga. Watu wa kwetu waishio Maryland wakitaka kuposa hunitafuta, na nikishakaa kwenye kochi la wakwe, nikashushiwa juisi na sambusa, maneno hujipanga yenyewe. Namwaga sifa za kijana bila kupepesa macho: elimu yake, sala yake, anavyomheshimu mama yake. Yeye mwenyewe kakaa pembeni anaangalia zulia, na ndivyo inavyotakiwa. Akisema mwenyewe hata nusu ya hayo, baba wa binti atamwonyesha mlango.

"Hiyo ni tofauti," nikamwambia. "Pale namsemea mwenzangu."

"Basi nisemee," akasema. "Na mimi nikusemee. Ukifanya kitu ya maana unaniambia, mimi naandika. Nikifanya yangu, unaandika. Nani hapo amejisifu?"

Nilicheka mpaka nikaegemea meza. Kisha nikaacha kucheka.

Tukaanza Ijumaa ileile, kwenye chumba cha mapumziko, na chupa yake ya chai ya maziwa katikati yetu. Yeye akiandika yangu kwenye simu yake, mimi yake kwenye yangu. Mwanzoni ilikuwa taabu tupu. Ananiuliza nimefanya nini wiki hii, namjibu kazi tu. Kazi gani? Ya kila siku. Akanigeuzia sauti ya darasani: ilikuwaje kabla hujagusa, ukafanya nini, ikawaje baadaye, na nani aliona? Maswali hayo yashikeni, wanangu. "Nimefanya kazi kwa bidii" halina maana yoyote, hata mvivu huandika hivyo. Lakini ukiandika kwamba trei za goti zilikuwa zinarudishwa mara kwa mara kwa sababu zimepungukiwa kifaa, ukabadilisha mpangilio, sasa hazirudi, na muuguzi fulani wa chumba cha upasuaji anaweza kulithibitisha, hapo umeacha kitu mkononi mwa msomaji.

Nami nikauliza kama naruhusiwa kutia chumvi kidogo. Mshenga asiyetia chumvi ni mshenga wa wapi?

"Hapana," akasema. "Hapa hakuna chumvi. Computer ya huko ndani inajua kila trei ilishikwa na nani. Ukidanganya watakupata mchana kweupe."

Tukakubaliana tunaandika lenye shahidi tu. Tukakubaliana pia kwamba makosa yanaingia, pamoja na tulichojifunza, kwa sababu mtu anayekua huonekana kwa anavyojirekebisha. Jina la mgonjwa haliandikwi kamwe, wala picha ya karatasi ya hospitali haipigwi. Na kumbukumbu zikae kwenye simu yako au ya mwenzako, si kwenye kompyuta ya kazini. Nimeona watu wameachishwa kazi asubuhi, na kabla hawajafika maegeshoni kompyuta imeshawafungia kila kitu. Mwenzetu mmoja alipoteza vyeti vya mafunzo ya miaka namna hiyo, akabaki anasimulia kwa mdomo kwenye usaili, na usaili wa huku hausikilizi hadithi.

Kuna Ijumaa tuliandika mistari miwili. Kuna Ijumaa hatukuwa na la kuandika, tukanywa chai tukasema watoto wetu wanavyotujibu Kiingereza tukiwaita kwa Kiswahili. Halikuwa jambo kubwa.

Kisha ikaja kamera. Zamani, vile vyombo vyenye mirija myembamba ndani tulikuwa tunavipitisha brashi, tunavipuliza hewa, tunaviinua kwenye taa, tunaomba Mungu. Kamera hii ni waya mwembamba kama uzi wa raba, unauingiza ndani ya mrija na picha inatokea kwenye skrini. Siku nilipoiingiza kwa mara ya kwanza nilipigwa na butwaa. Miaka yote nilikuwa nimekishika chombo kile na sikuwahi kujua ndani yake kukoje. Kuta za chuma, mikwaruzo, kona, mwanga unakwenda mbele unapotelea mbali. Nilijisikia mdogo sana, na nilijisikia kwamba nimeaminiwa. Niliomba nipewe nafasi nyingine ya kuangalia, na nyingine, hadi Bi Denise akasema wengine nao wana macho.

Ni kwa kamera ile niliona uchafu kwenye mrija ambao mashine ilishauosha na kuupitisha. Nikakizuia chombo, nikaomba vyote vya aina ile vishushwe vikaguliwe, na baadaye brashi tuliyokuwa tunatumia ikabadilishwa. Ijumaa nilimwambia Mama Chebet habari hiyo kama lalamiko, kwamba tumecheleweshwa kurudi nyumbani. Yeye alikuwa anaandika kimyakimya.

Basi, mgongo. Trei ya mifupa ni nzito, na nilikuwa nimezibeba miaka mingi. Daktari alinionyesha picha ya uti wangu, akaniambia kubeba kumekwisha, nikiendelea nitakuja kutembelea magongo. Nilikuwa bado sijafikia umri wa kustaafu. Mke wangu alikuwa anatibiwa figo kwa bima ya kazi yangu. Katika idara yetu kila mtu anabeba, isipokuwa msimamizi; mkufunzi naye hangebeba. Na ukufunzi ndio kwanza ulikuwa umetangazwa, nafasi mpya, ya kufundisha wanaoingia. Nikasema Mungu amenifungulia mlango. Nikamkimbilia Mama Chebet kumweleza, nikamkuta ana fomu ileile mkononi.

Tulitazamana. Yeye alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu aache chaki kule Nandi. Hilo nililijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa nimeliandika.

"Aki Baba Zuhura," akasema. "Sasa tutafanya aje?"

Nikamwambia kila mtu aombe nafasi. Akaniuliza na zile kumbukumbu je, kwa sababu zake zote zilikuwa kwangu na zangu zote kwake. Nikamjibu mshenga hamwachi mtu njiani. Tulikwenda tukamweleza Bi Denise utaratibu wetu wazi, naye akasema alimradi kila neno ni kweli na mwenyewe ameliwekea sahihi, hajali nani alishika kalamu.

Nikakaa Jumamosi mezani, mke wangu kalala na dawa zake, nikaanza kupanga kumbukumbu za Mama Chebet ziwe kurasa za maombi yake. Nisiwadanganye, ilikuwa ngumu. Nilifika pale kwenye mandazi. Zamani vyombo vilikuwa vinashuka kutoka upasuaji damu imeshakauka, na kuitoa ni balaa. Mama Chebet alianza kuwapelekea wauguzi wa juu mandazi ya iliki, anakaa nao, anawachekesha, kisha anawaeleza kwamba wakipuliza povu la dawa juu ya vyombo palepale wakimaliza, wanatuokolea nusu ya kazi na wanamlinda mgonjwa anayefuata. Barua za ofisi zilikuwa zimeshindwa. Yeye alifaulu, na vyombo vikaanza kushuka vimelowana kama inavyotakiwa. Hakuna mkufunzi anayeweza kuonyesha jambo kubwa kuliko hilo, kwamba amewafundisha watu wasio wa kwake wakakubali. Nilijua nikiandika ukurasa ule vizuri, nafasi inaondoka, na mgongo wangu na figo za mke wangu vinaondoka nayo. Kidole kilisita juu ya kitufe. Halafu nikapiga moyo konde, nikaandika kama ninavyoongea kwenye kochi la wakwe, bila chumvi, kwa sababu haikuhitaji chumvi.

Jumapili akitoka kanisani alinipitia kwenye maegesho ya kituo cha treni. Tukabadilishana bahasha kupitia madirisha ya magari. Hakukaa. Nilibaki ndani ya gari nikafungua yangu.

Wanangu, sijui nilitarajia nini. Nilimkuta mtu. Mtu huyo alianza hajui kwamba damu haioshwi kwa maji ya moto, akaja akajua majina ya vyombo vyote, akasomea cheti usiku, akafeli, akarudia, akafaulu. Alikuwa amezuia chombo kibaya kisifike kwa mgonjwa, na brashi ya idara nzima ikabadilishwa kwa sababu yake. Kulikuwa na mambo ambayo sikumwambia kabisa. Mama Chebet alikuwa amekwenda kuuliza watu. Alimwuliza Dieudonné, Mkongomani aliyeingia idarani akiwa hajui Kiingereza, na sasa ana cheti chake, na akayaandika majibu yake yalivyotoka, akiniita vieux, yaani mzee: "Vieux Rama njo alinifundisha. Nilikuwa na complexe, nilikuwa naogopa kuongea. Alikuwa ananionyesha chuma moja moja, mpole mpole, hakunicheka hata siku moja."

Nililia pale maegeshoni kama mtoto. Sikulia kwa huzuni. Nilikuwa nimeshangaa. Nilifikiri nimeishi miaka yote ile chini ya ardhi bila kuacha alama, na kumbe nilikuwa nakua kila wiki na sikuwa najiona. Nikageuza kurasa zile, nikazisoma tena. Mimi, Ramadhani, ndiye huyu? Hofu niliyoisikia siku ile kwenye trei ya moyo niliisikia tena, na safari hii kilichokuwa kwenye trei ni maisha yangu.

Bi Denise alituita mmojammoja. Aliniambia bila kuzunguka: nafasi amepewa Mama Chebet. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kusoma maelezo ya mtumishi yaliyomshawishi kiasi kile, hasa ile habari ya mandazi. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa naona magongo, naona barua ya bima. Nikashukuru, nikaanza kuinuka.

"Kaa," akasema. "Nimesoma na yako."

Akaniambia wakubwa wa juu walikuwa wameuliza ni nani aliyegundua ule uchafu, na yeye alikuwa hana jibu la maandishi mpaka kurasa zangu zilipofika. Meza ya kamera ilikuwa ya kupokezana. Kuanzia mwezi uliofuata ingekuwa na mtu wake wa kudumu, kazi ya kukaa, asiyebeba chochote kizito kuliko koleo. Akaniuliza kama naitaka. Nikasema naitaka.

Nikatoka nikamkuta Mama Chebet kwenye korido amejiegemeza ukutani, anaogopa kunitazama usoni. Nikamwambia, "Mwalimu, hongera." Akafunika uso kwa aproni yake. Nilikaa kwenye kamera ile mpaka siku nilipostaafu, na kila aliyeingia kazini alifundishwa na yeye kwanza, kisha akaletwa kwangu kutazama ndani ya mrija. Nilikuwa nawaangalia nyuso zao wanaposhangaa.

Lakini siku ile ya matokeo nilirudi nyumbani, mke wangu akanipokea mlangoni kabla sijavua viatu. Alikuwa amekonda, macho makubwa, na alikuwa ameshinda akiomba dua.

"Umeipata?"

"Sikuipata. Kaipata Mama Chebet. Bi Denise anasema hajawahi kusoma maelezo mazuri kama yake."

Yeye ndiye aliyekuwa na figo mbovu, na yeye ndiye aliyeamka usiku akaniona Jumamosi ile mezani. Meza ya kamera nilikuwa bado sijamtajia. Akanipokea koti, akalitundika.

"Si wewe uliyeyaandika?"

"Ndiyo mimi."

"Basi uliandika vizuri, Baba Zuhura," akasema. "Njoo ule."